Povu Halijui Bei

Nguruwe ametukanwa vya kutosha. Siku hizi ukienda kwa kinyozi wa kisasa, yule mwenye taa za buluu, kiti kinachozunguka na kijana wa kukupokea koti mlangoni, halafu utaje kwamba nyumbani unanyoa ndevu kwa brashi ya manyoya ya nguruwe, utaangaliwa kama mtu aliyekuja harusini na gambuti. Kisha utaelimishwa. Utaambiwa kwamba mwanamume anayejiheshimu hutumia brashi ya manyoya ya nyegere wa ng'ambo, mnyama wa Ulaya na Asia ambaye ni wa ukoo mmoja na nyegere wetu, yule jasiri anayebishana na simba kwenye video za simu. Brashi hiyo ni laini, inashika maji, inatoa povu zito kama malai. Na ya nguruwe? Hiyo, wanasema, ni ya kupakia rangi ukutani.

Mimi nakaa Skuta, hapa Nyeri, na ninanyoa kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Nasema hivi: kwa ndevu zetu, sabuni zetu na mifuko yetu, brashi ya nguruwe inatosha, na katika kazi moja muhimu inamshinda nyegere. Anayekwambia vinginevyo anakuuzia heshima, na heshima haitoi povu.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Brashi gani tena, bana? Wengi wetu tumelelewa na mashine. Unaketi, kinyozi anaiwasha, inanguruma shingoni, anakupangusa kwa spiriti, unakunja uso, unalipa, unaenda zako. Wengine mnanunua wembe dukani, mnalowesha uso kwa maji ya bomba, mnapaka sabuni ya kuogea kwa kiganja na kuanza kukwangua. Povu la kweli hamjawahi kulipaka. Kwa hivyo kabla ya kuwagombanisha nguruwe na nyegere, tuulize povu lenyewe ni la nini.

Unywele wa kidevu ukiwa mkavu ni mgumu ajabu. Ukilowa maji kwa dakika mbili tatu, unafyonza, unavimba, unalainika, na wembe unaukata bila kuuvuta. Tatizo ni kwamba maji peke yake hayakai usoni. Yanateleza yakaishia kwenye kola ya shati. Povu ni njia ya kuyafunga maji yasikimbie. Ni maji, sabuni na hewa vilivyochanganywa hadi vikawa kitu kizito kinachoweza kusimama kwenye shavu. Tena ndani yake mna utelezi, ili wembe upite juu ya ngozi badala ya kuikwaruza. Brashi inafanya kazi tatu: inaokota sabuni, inaichanganya na maji na hewa, halafu inaipeleka hadi kwenye mzizi wa unywele, huku ikiuinua usimame. Hiyo kazi ya tatu ndiyo watu wanaisahau, na ndiyo yenye maana kuliko zote kwa mtu mwenye ndevu kama zangu.

Maana ndevu zetu zimejikunja. Hilo si kasoro, ndivyo tulivyoumbwa. Lakini udevu uliojikunja ukikatwa vibaya unabaki na ncha kali kama mkuki, na unapoanza kukua unageuka na kuichoma ngozi ileile uliyotoka. Mwili unauona kama mwiba. Unavimba, unawasha, unatoa usaha, unaacha doa jeusi. Ndivyo vipele vya ndevu, na mwanamume Mwafrika havihitaji utambulisho. Jeshi la Marekani, lenye askari weusi wengi, limekuwa likibishana kuhusu vipele hivi tangu miaka ya sabini: nani aruhusiwe kuacha ndevu, na kwa muda gani. Hapa kwetu hakuna anayebishana. Ukitafuta kazi ya ulinzi, ya hoteli, ya kuketi nyuma ya kioo cha benki, utaambiwa uje umenyoa. Kijana anayemaliza chuo Kimathi anaenda kwenye mahojiano na shingo iliyochubuka kama aliyepita kwenye mikwaju, anaketi mbele ya watu watatu waliovaa suti, na anajikuna. Mnadhani hawaoni? Wanaona. Wanafikiri ni uchafu. Kumbe ni wembe mkavu.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba kubishana juu ya brashi ni ubishi wa watu wasio na shida, namjibu kwamba anayesema hivyo hajawahi kuficha shingo kwa skafu mwezi wa Februari.

Sasa tuwaite washindani wawili uwanjani.

Nywele za nguruwe ni nene na ngumu. Brashi mpya ya nguruwe ukiipitisha kwenye shavu ikiwa kavu, utaruka. Lakini nywele hizo zina tabia mbili nzuri. Ya kwanza, zinakunywa maji. Ukiziloweka dakika tano kwenye kikombe, zinalegea na kuwa kitu kingine kabisa. Ya pili, kadiri unavyozitumia, ncha zake zinapasuka na kugawanyika, kama kamba iliyofumuka mwishoni. Baada ya wiki kadhaa brashi inakuwa laini nchani huku ikibaki na nguvu shinani. Hii ndiyo sababu mtu anayeihukumu brashi ya nguruwe siku ya kwanza ni kama anayekihukumu kiatu kipya cha ngozi kabla hakijazoea mguu.

Nywele za nyegere wa ng'ambo zimejengwa tofauti. Ni nyembamba nchani na nene kiasi katikati, na zikifungwa pamoja zinaacha nafasi nyingi ndogondogo za kuhifadhi maji. Ni laini tangu siku ya kwanza. Hazihitaji kulowekwa sana. Wauzaji wamezipangia madaraja kama kahawa: kuna ya kawaida, kuna bora, kuna bora zaidi, na kileleni kuna ile yenye ncha nyeupe wanayoiita silvertip. Sitasema uongo: ukipakwa povu kwa brashi ya silvertip unahisi kama umeguswa shavu na wingu. Ni raha. Hakuna anayekataa kwamba ni raha.

Lakini mimi sikuuliza raha. Niliuliza povu.

Nina binamu anayefanya kazi Nairobi ambaye alijinunulia brashi ya nyegere, na alipokuja likizo nilimwomba niitumie wiki moja. Aliitoa kwenye kijisanduku chake kama mtu anayekukabidhi mtoto mchanga. Nikaweka masharti ya haki: sabuni moja, kikombe kimoja, maji ya moto kutoka birika moja. Shavu la kulia nguruwe, la kushoto nyegere, kesho yake nabadilisha. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa. Sabuni ilikuwa ngumu, ya kijiti, aina ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu na inakaa miezi.

Kwenye sabuni hiyo ngumu, nguruwe alinyakua ushindi mapema. Nywele zake zinaikwangua sabuni. Nikizungusha nusu dakika brashi imeshajaa. Ya nyegere ilikuwa inaipapasa sabuni kwa adabu kama mgeni anayebisha hodi, ikihitaji mizunguko mara mbili. Kwenye shavu, ya nguruwe iliniinua udevu mmoja mmoja, niliuhisi ukisimama. Ya nyegere ililala juu ya ndevu, ikapaka povu zuri la kupigia picha, lakini chini yake udevu ulikuwa bado umelala kwenye ngozi. Siku ya nne nilibadilisha sabuni nikaleta krimu laini ya bomba, na hapo nyegere akanipiga: kwa krimu anaumua povu haraka, na maji aliyobeba ndani yanamsaidia. Na povu lilipokwisha kuwa povu? Nilikitazama kikombe hiki na kile, sikuona tofauti. Wembe nao haukuona.

Binamu yangu hakukubali. Alileta hoja, na kwa sababu ndizo hoja mtakazozisikia kila mahali, acha nizijibu moja moja.

Alisema: nyegere anashika maji mengi. Kweli. Lakini nani alisema povu zuri ni lenye maji mengi? Anayeanza kunyoa kosa lake la kwanza karibu kila mara ni kumimina maji kupita kiasi, povu likawa kama la omo, likitoweka kabla hajafika kidevuni. Brashi inayobeba dimbwi ndani yake inamsaidia kukosea. Tena sisi wa Nyeri tumebarikiwa maji laini. Mito yetu inashuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya ikipita juu ya mawe ya volkano. Haibebi chokaa nyingi, na sabuni inatoa povu bila kulazimishwa. Mtu wa Mombasa anayeoga maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe ndiye mwenye haki ya kulalamika kwamba sabuni yake inagoma. Hata yeye, dawa ni kuongeza sabuni. Brashi ya bei haitoi chokaa majini.

Alisema: nyegere ni laini kwa ngozi yenye vipele. Hapa nitakuwa makini, maana ngozi haichezewi. Kama shingo yako sasa hivi imechubuka na inatoa usaha, usiisugue kwa brashi yoyote, ya nguruwe wala ya malaika. Acha kunyoa kabisa wiki kadhaa, na kama haiponi muone daktari wa ngozi. Lakini ngozi ikishapoa, brashi yenye uti kidogo, iliyolowekwa vizuri na kuzungushwa bila kukandamiza, inaondoa ngozi iliyokufa na kuzinasua ndevu zilizoanza kulala. Ulaini unabembeleza. Udevu uliojikunja hauhitaji kubembelezwa, unahitaji kuamshwa.

Alisema: nguruwe ananuka. Kweli tena. Brashi mpya ya nguruwe ikilowa inatoa harufu ya mnyama. Unaiosha kwa shampuu, unaiacha ikauke, unaipiga povu mara tano sita bila kunyoa, harufu inakwisha. Ya nyegere mpya nayo ina harufu yake, ila mtu akishalipa pesa nyingi pua yake inapata adabu.

Alisema: ya nyegere inadumu. Brashi yoyote inadumu ikioshwa, ikikamuliwa na kukaushwa mahali penye hewa. Yoyote inaoza ikifungiwa mbichi kwenye begi la mazoezi. Mwezi wa Julai, wakati Skuta nzima imefunikwa na ukungu na nguo hazikauki siku tatu, brashi nzito iliyoshiba maji ndiyo inayochelewa kukauka. Fikiria mwenyewe.

Mwisho akasema neno ambalo nilikuwa nalingojea: “Lakini boss, hii ni ya kiwango.” Hapo ndipo tulipofika kwenye ukweli.

Kiwango kipi? Waitaliano, ambao hakuna anayewaambia kitu kuhusu kunyoa, wamenyolewa kwa brashi za nguruwe kizazi baada ya kizazi. Kampuni ya Omega ya kule Bologna inatengeneza brashi tangu 1931, na zile za nguruwe zimejaa kwa vinyozi wa Italia. Wareno wana Semogue, tangu 1955, na sifa yao kubwa imejengwa juu ya nguruwe. Hao si watu wa kupaka rangi ukutani. Brashi zao nyingi za nguruwe huko Ulaya zinauzwa kwa euro kumi na kitu. Silvertip kutoka kwa mafundi wa Uingereza inapita pauni 100, yaani zaidi ya shilingi 15,000 za kwetu, na bado hujalipia usafiri na ushuru. Kwa pesa hizo hapa mtaani unalipa kodi ya nyumba na unabakiwa na za makaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kinachohitaji kijana wa kukupokea koti ili ukiamini, kinajitembeza.

Tena tuulize nywele hizi zinatoka wapi, maana hapo ndipo mambo yanapochacha. Uingereza, inayojivunia brashi za nyegere, ina sheria ya mwaka 1992 inayomlinda mnyama huyohuyo: kumuua bila kibali ni kosa. Basi manyoya ya kutengenezea brashi yanatoka wapi? Yanatoka China. Mwaka 2018 shirika la kutetea wanyama la PETA Asia lilitoa video zilizopigwa huko, zikionyesha wanyama hawa wakiwa kwenye vizimba vidogo na wakiuawa kwa vipigo kwa ajili ya biashara ya brashi. Baada ya hapo kampuni kadhaa za ng'ambo ziliacha kuziuza. Yaani wenyewe wanaondoka kwenye meza, na sisi ndio tunavuta kiti.

Nguruwe hali yake ni nyingine. Nguruwe anachinjwa kwa ajili ya nyama, na ataendelea kuchinjwa hata kama sote tutafuga ndevu hadi kifuani. Nywele zake ni mabaki. Usinielewe vibaya, sisemi kwamba brashi hii ni ya nyumbani. Nywele zake nyingi nazo zinatoka China. Hapa Mlima Kenya tunafuga nguruwe wengi, lakini ni wale weupe wa kukua haraka, wanaochinjwa wakiwa na miezi sita hivi, na nywele zao ni fupi na nyepesi mno kwa kazi hii. Kwa hivyo sipigi ngoma ya uzalendo. Nasema tu kwamba kati ya mnyama anayeuawa ili upambwe na mabaki ya mnyama aliyekwisha kuliwa, dhamiri yangu haichukui muda kuchagua.

Na kuna kisa ambacho kila muuza heshima angepaswa kukisoma. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manyoya halisi ya nyegere yalipungua sokoni na njia za zamani za biashara zikafungwa. Lakini wanaume walikuwa wameshafundishwa kwamba brashi ya kiungwana lazima ifanane na ya nyegere, ile yenye milia ya giza na nyeupe. Wafanyabiashara wakatafuta ujanja: wakachukua nywele za farasi kutoka Asia, wakazitengeneza zifanane na za nyegere, na nyingi zikaingia bila kusafishwa inavyotakiwa. Nywele nyingine zilikuwa na kimeta. Ndiyo, kimeta hichohicho ambacho mfugaji yeyote wa Tetu au Mathira anakijua, kinachokaa udongoni miaka na miaka kikimngoja ng'ombe. Askari alijikata kidogo akinyoa, akapitisha brashi mpya juu ya jeraha, na siku chache baadaye uso ukavimba na kidonda cheusi kikatokea. Kati ya 1915 na 1924 zaidi ya watu 200, askari na raia wa Uingereza na Marekani, waliugua kwa njia hiyo, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Sikilizeni vizuri: walichofuata watu wale ni sura. Walitaka brashi ionekane ya nyegere, wakauziwa kifo chenye milia.

Siku hizi viwanda vinasafisha nywele, na hakuna sababu ya kuogopa kimeta kwenye brashi ya duka linaloaminika. Lakini somo halijazeeka. Ukinunua sura, unapokea chochote kilichofichwa nyuma yake. Kwenye masoko ya mtandaoni kumejaa “nyegere halisi” wa shilingi mia saba. Nyegere halisi wa shilingi mia saba hayupo, wasee. Huyo ni plastiki iliyopakwa rangi, au nywele ambazo hata muuzaji hazijui.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni hii: brashi ya bei nafuu ni brashi ya mtu mmoja.

Miaka ya tisini UKIMWI ulitufundisha kwa machozi kudai wembe mpya. Leo hata mtoto anajua: kinyozi akichukua wembe uliotumika unasimama unaondoka. Lakini brashi? Pale brashi inapotumika, mara nyingi ni moja, asubuhi hadi usiku, videvu arobaini. Inapita juu ya mashilingi ya huyu, vipele vya yule, mkwaruzo uliotoa damu wa mwingine, kisha inafika kwako na povu jeupe safi, ukafunga macho ukisema ahsante. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza. Povu jeupe si dawa ya kuua virusi.

Na hapa ndipo brashi ya elfu kumi na tano inapotudhuru hata sisi tusioinunua. Kinyozi aliyenunua moja ya namna hiyo hawezi kununua kumi. Ataifanya kuwa kivutio cha duka, ataitumia kwa kila mtu, na ataogopa kuichemshia dawa isije ikaharibika. Kumbe kwa bei ya brashi moja ya nyegere ungepata kadhaa za nguruwe, na kila mteja wa kudumu akawa na yake, imeandikwa jina, imening'inia msumarini. Angalau mteja angeweza kuja na yake mfukoni kama anavyokuja na simu. Hilo ndilo ningetaka kuliona kuanzia hapa Skuta hadi Karatina, Nanyuki na Embu: ukuta wa misumari, na kila msumari na brashi yake. Hiyo ndiyo anasa. Taa za buluu mtajaza wenyewe.

Kuna watu nisioweza kuwaambia wanunue nguruwe, na sitajifanya hawapo. Jirani zangu Waislamu wa Majengo, na ndugu zao wote hadi pwani, wanafuata mafundisho ambayo kwayo nguruwe ni najisi, nywele zake zikiwemo. Wapo pia Wakristo ambao hawataki hata kumgusa. Kwao jibu halimo kwa nyegere pia. Jibu ni brashi za nyuzi za kiwandani. Zamani zilikuwa mbovu, kama ufagio wa choo. Siku hizi ni laini, zinakauka haraka, hazinuki, na bei yake inakaribiana na ya nguruwe. Zinaumua povu upesi. Udhaifu wake kwangu ni kwamba nyingi zinaruka kama springi na hazikwangui sabuni ngumu kwa nguvu ileile. Lakini kama ningelazimishwa kumwacha nguruwe, ningeenda huko kabla sijamgeukia nyegere, na ningelala usingizi mzuri. Akorino wetu wenye vilemba na ndevu zao ndefu wao wametulia tu, wanatutazama tukihangaika.

Nitamaliza na maelekezo, maana hoja isiyomsaidia mtu kesho asubuhi ni kelele. Iloweke brashi ya nguruwe kwenye maji ya uvuguvugu unapopiga mswaki na kuoga. Usiitie kwenye maji yanayochemka, yatauharibu mzizi na gundi. Ikamue, itikise mara mbili. Izungushe juu ya sabuni nusu dakika hadi uone uji mzito. Ipeleke usoni uliolowa, zungusha bila kukandamiza, ukianzia shingoni kunakosumbua. Ongeza maji kwa ncha za brashi, matone machache kwa wakati, hadi povu ling'ae kama mtindi na lisidondoke. Liache dakika mbili. Ndiyo, mbili, hata kama matatu inapiga honi. Kisha wembe mkali, mkono mwepesi, kufuata ndevu zinakoelekea; usirudi kinyume, usivute ngozi. Ukimaliza isuuze brashi, ikamue, ianike penye hewa. Na usimwazime mtu. Hata ndugu yako. Mwambie anunue yake. Bei ni nafuu, hana sababu.

Atakayekuja kukwambia kwamba hiyo ni ya watu wa chini, mwangalie shingo kwanza kabla hujamjibu.